Kumfuatilia babu wa zama za misafara: pa kuanzia na pa kubisha hodi

Familia nyingi za pwani, na nyingi za Tabora na Ujiji, zina babu mmoja ambaye habari zake zinakatika ghafla. "Alikuja na msafara." "Aliletwa mdogo." "Katokea bara huko." Baada ya hapo kimya. Mwongozo huu ni wa kumfuatilia babu au bibi wa namna hiyo, aliyeishi kati ya miaka ya 1830 na 1900 katika ile njia ya Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Unguja, au upande wa Kilwa au Mombasa. Kama babu yenu alikuwa chifu au liwali, kazi yako ni nyepesi kidogo, maana Wajerumani na Waingereza waliandika nasaba za watawala kwa faida yao. Hapa namfikiria zaidi mpagazi, mjakazi, fundi, askari, mchuma karafuu.

Shika jambo hili moja. Mtu wa kawaida wa karne ya 19 ni nadra kuandikwa kwa ajili yake mwenyewe. Ameandikwa kwa sababu ya mtu mwingine: bwana aliyemmiliki, padri aliyembatiza, Mzungu aliyemwajiri, jirani waliyegombea kiwanja. Kwa hiyo usianze na yeye. Anza na aliokuwa nao.

Hatua ya kwanza: hesabu vizazi

Kabla hujamuuliza mtu, chukua karatasi. Kila kizazi kihesabie miaka 25 hadi 30. Aliyezaliwa 1965, baba yake huenda alizaliwa 1937 hivi, babu yake 1908, baba wa babu 1880, na babu wa babu 1850. Hesabu hii si ya kuapia, lakini inakamata kosa ambalo limo karibu katika kila familia: wazee husema "babu" wakaruka vizazi viwili bila kujua. Ukiambiwa kwamba babu aliyezaliwa 1920 alipigana vita vya Mkwawa, vilivyokwisha 1898, ujue watu wawili wameunganishwa kuwa mmoja.

Hatua ya pili: wazee, na namna ya kuwauliza

Anza na mabibi na mashangazi. Wanaume hukariri mstari wa baba mpaka ukaishia kwenye jina kubwa. Wanawake ndio wanaojua nani aliolewa wapi, mtoto yupi alilelewa na nani, na kwa nini nyumba ile haialikwi kwenye arusi. Rekodi kwa simu, ukishaomba ruhusa, na uandike tarehe na jina la msimuliaji siku hiyo hiyo.

Swali la "babu alikuwa mtumwa?" hufunga mlango. Hata leo lina aibu yake, na mzee atakujibu kwa heshima uliyompa. Uliza pembeni: "Shikamoo bibi. Babu alipofika hapa, alifikia kwa nani? Nani alimpa pa kulima? Mke alimpata wapi, na nani alisimamia mahari?" Majibu ya maswali hayo yatakupa jina la bwana, la mlezi au la misheni, na jina hilo ndilo utakaloingia nalo kwenye majalada.

Uliza pia alizikwa wapi na nani yuko jirani na kaburi lake, nani alirithi, utani wenu ni na kabila gani, chakula gani ni mwiko, na tambiko likifanyika majina yanatajwa kwa mpangilio gani. Kama kuna maneno yanayosemwa pale ambayo hakuna anayeyaelewa, yaandike kama yanavyosikika, kisha yapeleke kwa Myao, Mzigua, Mnyamwezi au Mmakua mzee ayasikilize. Usidharau njia hii. Wazigua waliochukuliwa wakati wa njaa ya miaka ya 1830 wakavushwa hadi Somalia walikaa bonde la Juba zaidi ya miaka 150, na bado walikuwa wanasema Kizigua na kutaja koo zao. Vita vya Somalia vilipowatoa huko miaka ya 1990, baadhi yao walirudi Handeni, na watu wa Handeni wakasikia lugha yao wenyewe.

Hatua ya tatu: geuza simulizi kuwa miaka

Hakuna mzee atakayekwambia "alifika mwaka 1872". Atakwambia alifika baada ya ile tufani kubwa iliyong'oa mikarafuu ya Unguja, na tufani hiyo ilikuwa Aprili 1872. Jitengenezee kalenda ya matukio, uwe nayo mkononi kila unapomhoji mtu. Kwa pwani, haya ndiyo yanayotajwa mara nyingi: kufa kwa Seyyid Said 1856; kipindupindu cha 1869 na 1870; tufani ya 1872; Sultani Barghash kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini, Juni 1873; vita vya Abushiri na Wajerumani 1888 na 1889; sotoka iliyomaliza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890; mizinga ya Waingereza kupiga jumba la Sultani Unguja, tarehe 27 Agosti 1896; reli kuanza kujengwa Mombasa mwaka huo huo wa 1896. Bara kila mahali pana yake. Kwa Wahehe kuna vita vya Lugalo na Wajerumani 1891 na kifo cha Mkwawa 1898. Kwa Wanyamwezi, kifo cha Mirambo mwishoni mwa 1884. Kwa Wakamba, njaa ya Ngomanisye, na kwa Wakikuyu Ng'aragu ya Ruraya, zote za mwishoni mwa miaka ya 1890.

Hati nyingi za pwani zina tarehe za Hijria. Njia ya haraka: punguza asilimia 3 ya mwaka wa Hijria, kisha ongeza 622. Mwaka 1290 Hijria unakupeleka 1873. Kwa siku kamili tumia programu ya kubadili kalenda, na kumbuka kwamba kwa hesabu ya Waislamu, na ya Waswahili wa zamani, siku huanza jua linapozama. "Usiku wa Ijumaa" katika hati ya kadhi ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni kwa kalenda ya Kizungu.

Hatua ya nne: majina (hapa usiharakishe)

Ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa babu mmoja anaweza kuwa na majina matatu na kila jina likakaa kwenye daftari lake.

Mfano tunao. Katika waliouleta mwili wa David Livingstone hadi pwani mwaka 1874 alikuwamo Matthew Wellington. Alizaliwa Uyaoni akiitwa Chengwimbe. Alitekwa akiwa mdogo, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, akapelekwa India kwenye shule ya wamisionari ya Nasik, na huko akabatizwa. Baadaye alirudi Afrika Mashariki, akaishi Mombasa hadi alipofariki 1935. Anayemtafuta Chengwimbe kwenye vitabu vya Freretown, kijiji cha misheni cha waliokombolewa huko Mombasa, atatoka mikono mitupu, na anayemuulizia Wellington Uyaoni vilevile. Mwenzake katika msafara ule, Abdullah Susi wa Shupanga kwenye mto Zambezi, alibatizwa Unguja mwaka 1886 akaitwa David. Hapo angalau "Susi" lilibaki, na hilo ndilo la kulifuata.

Ukikuta Feruzi, Almasi, Marjani, Mabruki, Farjala, Baraka, Majaliwa, Uledi, Songoro, au kwa wanawake Tausi na Zafarani, huenda ni jina alilopewa mtu alipofika pwani. Ni dalili tu, usilifanye ushahidi. Waungwana nao walikuwa na akina Baraka. Ukikuta "bin Abdallah" kwa mtu aliyetoka bara, usikimbilie kumtafuta babu aitwaye Abdallah. Aliyesilimu ambaye baba yake hakujulikana au hakuwa Mwislamu mara nyingi aliandikwa hivyo. Na ukikuta "Juma bin" likifuatiwa na jina kubwa la Kiarabu, jiulize kama huyo ni baba au ni bwana. Wapo waliochukua hata jina la mwajiri: Mabruki Speke, aliyesafiri na Wazungu kadhaa, alibeba jina la msafiri Mwingereza John Hanning Speke.

Kabila nalo lisome kwa tahadhari. Mwandishi wa pwani akiandika "Mnyasa" alimaanisha karibu mtu yeyote aliyeletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, na "Mmanyema" alikuwa mtu yeyote kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tena kabila lilibadilika mtu akiwa hai. Katika sensa za Zanzibar za 1924 na 1931, watu waliojiandikisha kwa makabila ya bara walipungua na Waswahili nao wakapungua, huku majina ya wenyeji wa visiwani yakiongezeka.

Kisha kuna tahajia. Jina lile lile lilipita kwenye masikio ya watu tofauti. Mjerumani aliandika "Tsch" pale tunapoandika ch, na "Dj" au "Dsch" kwa j. Mfaransa aliandika "Tch", "Dj" na "Ou". Kwa hiyo Chuma atakuwa Tschuma kwa mmoja na Tchouma kwa mwingine, na Ujiji itakuwa Oudjidji. R na L hubadilishana bila taarifa. Kabla ya kwenda popote, andika tahajia zote unazoweza kuzifikiria za jina la babu, la bwana wake na la kijiji.

Kwa bibi kazi ni ngumu zaidi. Suria aliyezaa na bwana wake, watoto wake walikuwa huru na walirithi kwa jina la baba. Yeye mwenyewe alikuwa huru bwana akifa. Matokeo yake ni kwamba nasaba imeandikwa vizuri kabisa upande wa baba, na mama hayumo. Ukiona babu mwenye jina la Kiomani ambaye mama yake hatajwi na mtu, muulizie huyo mama. Mara nyingi ndiye njia yako ya kwenda bara.

Hatua ya tano: chagua mlango

Usibishe hodi kila mahali. Simulizi ulizokusanya zitakuonyesha ni mlango upi.

*Kama alipitia misheni.* Huyu ndiye mwenye bahati ya karatasi. Mababa wa Roho Mtakatifu walianza Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1860, wakafungua Bagamoyo mwaka 1868 na kijiji cha waliokombolewa. Waanglikana wa UMCA walifika Unguja 1864, wakawa na makazi Mbweni na shule Kiungani, na mwaka 1876 wakapeleka kundi la waliokombolewa hadi Masasi. CMS, wamisionari wengine wa Kianglikana, walikuwa Rabai karibu na Mombasa tangu miaka ya 1840, na Freretown ilianzishwa 1875. White Fathers, mapadri Wakatoliki waitwao pia Mababa Weupe, walifika Tabora na Ujiji mwishoni mwa miaka ya 1870, baadaye wakawa Karema.

Anza na parokia yenyewe. Kitabu cha ubatizo bado kinaweza kuwa kabatini. Cha Wakatoliki kimeandikwa kwa Kilatini, na usiogope, maneno ni yale yale ukurasa hadi ukurasa: *natus* au *nata* ni aliyezaliwa, *filius* na *filia* ni mtoto wa, *patrinus* na *matrina* ni wasimamizi. Umri wa watu wazima ni wa kukadiria. Angalia pambizo, kwa sababu ndoa iliyofungwa miaka kumi baadaye mara nyingi iliandikwa hapo, pamoja na mahali. Nakili jina la msimamizi hata kama hulijui. Wasimamizi walikuwa watu wa kundi lilelile, pengine wa jahazi lilelile, na habari za mmoja huokoa za mwingine.

Barua na ripoti za wamisionari zilikwenda kwao: za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, za UMCA ziko maktaba ya Bodleian, Oxford, za Mababa wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue nje ya Paris, za White Fathers ziko Roma. Waandikie barua pepe fupi yenye jina, mahali na miaka. "Naomba habari zote za ukoo wangu" haijibiki.

*Kama aliachwa huru.* Hapa Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, ni hazina. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwaachia huru watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi waliohesabiwa raia wa Uingereza, na daftari lake linataja jina, umri, kabila na aliyemmiliki. Baada ya amri ya Aprili 1897 waliotaka uhuru walipaswa kwenda mahakamani na mabwana walilipwa fidia, na palipo na fidia pana karatasi. Upande wa Mombasa, Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza aliwalipia watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha Rabai na misheni nyingine. Upande wa Wajerumani zilitolewa hati za uhuru, na familia nyingine bado zinayo moja ndani ya sanduku bila kujua ni kitu gani. Fungua masanduku.

Kama ndugu wa babu alichukuliwa na manowari katikati ya bahari, huenda hakurudi. Walioteremshwa walipelekwa Bombay, Aden, Shelisheli, na kuanzia 1873 Durban, ambako wajukuu wao bado wanaitwa Wazanzibari ingawa wengi walikuwa Wamakua. Majalada ya kazi hiyo yako Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, katika mfululizo uitwao FO 84.

*Kama alikuwa na shamba, nyumba au mgogoro.* Mimi hapa ndipo ningeanza kama babu hakupitia misheni, kwa sababu ugomvi umeandika zaidi kuliko mapenzi. Kwa sheria ya Kiislamu, mahuru, yaani mtumwa aliyeachwa huru, akifa bila warithi wa damu, aliyemwacha huru au jamaa zake walikuwa na haki katika mirathi yake. Basi wakaenda kwa kadhi, mashahidi wakaitwa, wakaulizwa marehemu alikuwa nani, alitoka wapi, alioa nani. Kesi moja ya minazi kumi inaweza kukupa vizazi vitatu. Hati za wakfu nazo zipitie: wapo matajiri walioweka nyumba au shamba wakfu kwa mahuru wao na vizazi vyao. Unguja uliza Kamisheni ya Wakfu, na Mombasa vilevile. Pwani ya Kenya, sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwalazimu watu kuthibitisha madai yao, na wengi walithibitisha kwa kutaja nasaba.

*Kama alikuwa mpagazi au askari wa msafara.* Msafiri Henry Morton Stanley alichapisha orodha ya waliokufa na waliorudi katika safari yake ya 1874 hadi 1877. Nishani 60 zilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya watu wa Livingstone, na majina yao yanajulikana. Mtu aliyekwenda safari moja mara nyingi alikwenda na nyingine, kwa hiyo ukimpata kwa msafiri Mwingereza Cameron, mtafute na kwa Stanley.

*Nyaraka za Taifa Upanga, Dar es Salaam,* zina majalada ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza. Hivyo vya wilaya viliandikwa karne ya 20 lakini vina simulizi za wazee waliozaliwa karne iliyotangulia. Majalada ya makao makuu ya kikoloni yako Berlin, na mengi yamewekwa mtandaoni bure. Kwa Kenya, nenda Moi Avenue, Nairobi.

Vipimo vya vinasaba vinaweza kukuunganisha na binamu aliyeko Muscat au Durban, lakini kukwambia kijiji haviwezi. Viache mwisho.

Hatua ya sita: siku ya kwenda

Uliza masharti ya kibali kabla ya kusafiri. Beba kitambulisho, barua fupi inayoeleza unatafuta nini, na penseli, kwani kalamu ya wino hairuhusiwi kwenye vyumba vingi vya kusomea. Uliza kama kupiga picha kunalipiwa. Omba kwanza kitabu cha orodha ya majalada, kisha chagua machache. Na ongea na mtunza nyaraka. Aliyekaa pale miaka ishirini anajua jalada ambalo orodha haijui.

Usinakili mstari wa babu peke yake. Nakili ukurasa mzima, na namba ya jalada juu yake. Majina kumi yaliyo juu na chini ya lake ndiyo wenzake wa safari, na mwezi ujao utayahitaji. Hati ya Kiswahili au Kiarabu kwa herufi za Kiarabu mpelekee mwalimu wa madrasa aliyezoea mkono wa zamani. Mwandiko wa Kijerumani wa zama hizo hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Tafuta anayeujua kabla ya kukisia.

Hatua ya saba: kupima

Mwekee babu karatasi yenye safu tatu: kilichosemwa, nani kakisema, na lini. Habari iliyoandikwa mwaka wa tukio na mtu aliyekuwepo ina uzito kuliko iliyoandikwa miaka 50 baadaye, ila mwandishi wa ubalozi naye alikuwa mgeni aliyesikia kwa mkalimani. Usimkubali mtu kuwa babu yako kwa jina peke yake. Akina Mabruki walikuwa wengi. Taka mambo matatu yakubaliane: jina, mahali, na mtu mmoja aliyekuwa naye.

Jihadhari pia na silsila, yaani orodha ya nasaba, iliyonyooka mno hadi Shiraz au Hadhramaut. Baadhi ni za kweli. Nyingine zilitengenezwa wakati ambapo asili ya bara ilikuwa inamnyima mtu heshima au mgawo wa chakula, na sababu ya kuitengeneza ni sehemu ya historia ya babu, iandike nayo.

Ukimaliza, au ukichoka, toa nakala. Moja ibaki nyumbani kwa mkubwa wa ukoo, moja parokiani au msikitini panapohusika, moja uipeleke kwenye nyaraka ulizotumia. Kabla ya kuituma kwenye kundi la familia la WhatsApp, wasomee kwanza wazee waliokusimulia, na jina lolote wanaloomba lisitajwe, lifiche. Na ukipata hati ya shamba ya mwaka 1890, mwambie mwanasheria kabla ya kumwambia binamu, maana hati ile inaonyesha nani alikuwa na shamba enzi hizo, haiamui nani analo leo.